Zohara, Raya na Kitabu cha Mvua

Zohara Ifergan alikuwa opereta wa simu wa halmashauri ya Yeruham, mji wetu mdogo wa jangwani kusini mwa Israeli, kwa miaka thelathini na mitatu, na hakuna mtu mjini ambaye hakuijua sauti yake. Ukipiga kulalamika maji yamekatika, ni Zohara. Ukipiga kuuliza nani kafa, ni Zohara. Ukitaka kumtukana diwani, Zohara atakuambia kwanza unywe maji utulie, ndipo akuunganishe, na mara nyingi ukishatulia huoni tena haja ya kutukana. Siku hizi ukipiga halmashauri unajibiwa na mashine: bonyeza moja, bonyeza mbili, mpaka hamu ya kulalamika yenyewe inakuisha. Hayo ndiyo maendeleo, tunaambiwa.

Hii ni habari yake, yeye na mwenzake Raya Gurfinkel, na kitabu kimoja chembamba kilichowachukua miaka minane.

Lakini siwezi kuianza bila baba yake. Mzee Mas'ud Ifergan alishushwa kwenye lori hapa jangwani mwaka hamsini na tano, na mke, watoto wanne na magodoro mawili. Kule milimani Moroko alikotoka alikuwa mtu. Ndiye aliyesalisha, ndiye aliyesuluhisha magomvi, kijiji kizima kilimwamkia kwa heshima. Huku akapewa sepetu, akaambiwa achimbe mashimo ya kupandia miti ya serikali. Basi akachimba. Jioni anarudi mikono imechubuka, anakula kimya, analala. Vile vitabu vikubwa vya walimu wa kale, vitabu vya mabishano ambavyo wenye elimu huvisoma maisha yao yote, hakuvijua. Kijijini kwao havikuwepo, na huku nguvu za kuvisoma hakuwa nazo.

Mzee Mas'ud alikuwa kifungua mimba, na Zohara naye kifungua mimba. Sasa asubuhi ya kuamkia Pasaka vifungua mimba wetu hufunga, kuwakumbuka wale walionusurika Misri. Lakini akitokea mtu sinagogini asubuhi hiyo ambaye amemaliza kusoma kitabu kizima cha walimu wale, furaha yake huivunja funga. Wote waliomsikiliza akisoma mistari ya mwisho wanakula pamoja naye, na hawafungi tena. Kwa hiyo kila sinagogi humtafuta mapema mtu wake wa kumaliza, na wa kwetu alikuwa Rabi Makhluf. Kwingine hufunga wanaume tu. Sisi wa milimani tuliwafungisha na wasichana, na kuwalisha tukawalisha.

Zohara ana miaka saba, kashikwa mkono na baba yake, njiani vumbi tupu na vibanda vya mabati. Anaikumbuka baridi ya asubuhi ile, na harufu ya koti la baba, tumbaku na sabuni ya kufulia. Alisimama peke yake nyuma ya pazia la wanawake akachungulia. Rabi Makhluf akasoma haraka haraka, akataja yale majina ya watoto kumi wa mwalimu mmoja wa zamani, ambayo hutajwa kila kitabu kinapomalizwa na hakuna anayejua vizuri ni kwa nini, watu wakaitikia, sinia la biskuti za ufuta likazungushwa. Baba yake alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na mlango. Akachukua biskuti mbili bila kuinua macho.

"Baba, Rabi amesoma nini?" Zohara akauliza wakirudi.

"Sijui, binti yangu."

"Sasa mbona tumekula?"

"Tumekula jasho la mwenzetu," baba akasema, akacheka. Zohara hakucheka. Aliona masikio ya baba yake yamewiva kwa aibu, na tangu siku ile alitamani, bila kumwambia mtu, kwamba siku moja wengine wale jasho la nyumba ya Ifergan.

Mtoto wa kike, miaka ile, angesoma wapi? Hakuna aliyemkataza, maana hakuna aliyefikiria kama kuna la kukataza. Akaolewa, akazaa watatu, akamzika mume, akaunganisha simu. Dini yake ilikuwa jikoni na aliijua kama vidole vyake: nyama isikutane na maziwa, unga upepetwe, nyumba isuguliwe kabla ya Pasaka mpaka mtu akose mgongo.

Raya alikuja mwaka tisini na moja kutoka Tashkent, kwenye ile Urusi ya zamani. Kule alikuwa mhandisi wa maji. Hapa akapewa ufagio na ndoo, akawa anapiga deki chini ya meza ya Zohara. Siku moja bomba likapasuka mtaa wa juu, simu zikalia kama kengele za zimamoto, mafundi hawajui wafunge wapi. Raya akaegemea ufagio wake, akasema kwa Kiebrania chake cha kuokoteza, "Si huko. Koki iko nyuma ya zahanati. Mimi kuona juzi." Wakaenda nyuma ya zahanati, ikawepo. Tangu siku hiyo mtu akipiga kulalamikia maji, Zohara anamwambia asubiri, anafunika simu kwa kiganja, anamuuliza mfagiaji. Halmashauri ilichukua miaka mitatu kukubali kwamba mfagiaji wao ni mhandisi. Mitatu! Mtu anashika ramani kwa mkono mmoja na tambara kwa mwingine.

Walistaafu mwaka mmoja. Msimu ule wa baridi akaja msichana mwalimu kutoka Yerusalemu, akafungua darasa la wastaafu kwenye ukumbi wa mji, la kusoma wawili wawili kama wasomavyo wenyewe wanaojua. Walijitokeza ishirini na wawili. Mwalimu akamuuliza kila mtu kwa nini amekuja.

Raya akasimama. "Kule kwetu waliniandika Myahudi kwenye kitambulisho. Nikanyimwa chuo nilichokitaka kwa neno hilo, nikatukanwa kwenye foleni ya mkate kwa neno hilo, na nyumbani hatukujua hata sala moja. Nimekuwa Myahudi wa karatasi maisha yangu yote. Nataka kujua nilikuwa natukaniwa nini hasa."

Watu wakacheka, wengine wakafuta macho. Zohara aliyekuwa pembeni yake akasema, "Na mimi nimekuwa Myahudi wa jikoni. Nataka kuona sebuleni kuna nini."

Mwalimu akawapa kitabu kimoja wote wawili, kitabu cha funga na mvua, karatasi thelathini tu. Kitatufaa, Zohara akasema, mji wetu mvua hatuijui, tuisome basi. Baada ya miezi mitano msichana akaolewa akahama, wenzao wakakimbilia kufuma na kuogelea, na wao wawili wakabaki na kitabu, kila Jumanne saa tatu asubuhi, jikoni kwa Raya.

Jamani, Jumanne zile! Zohara akizitaja mpaka leo uso unabadilika. Raya anachemsha chai nyeusi tii, anaweka kisahani cha jemu ya cheri, maana wao jemu hawapaki kwenye mkate, wanairamba kwa kijiko na chai inafuata. Zohara analeta zeituni na mkate wake wa mviringo. Kisha wanasoma mstari mmoja, na mstari huo unakwenda nao mpaka adhuhuri. Zohara aliwasoma walimu wa kale kama watu waliompigia simu: huyu analalamika, huyu anamjibu jeuri, yule anataka kuunganishwa na bosi. Raya alitaka ushahidi. "Amejuaje? Nani alipima?" Mwalimu wa kale akisema mvua imenyesha kiasi cha kuingia ardhini shubiri moja, Raya anatoka nje na rula.

"Unajua, Zoharochka," Raya akasema siku moja, akilibembeleza jina lile Kirusi, "mimi nilidhani dini ni kukubali. Kumbe hawa watu kazi yao kubisha!"

"Ndiyo maana wewe umefika nyumbani," Zohara akamjibu.

Na kweli alifika nyumbani, na Zohara pia. Mwanamke aliyekula jasho la wengine akawa na mistari yake mwenyewe ya kubishia, na ukimkuta sokoni akichagua nyanya aliweza kukusimamisha robo saa akueleze kwa nini siku ya tatu ya kuomba mvua si kama ya kwanza. Tulimkimbia, nasema kweli. Leo najuta kidogo.

Walikuwa na sharti moja. Hakuna kugeuza ukurasa mpaka wote wawili wameusoma ukaisha, mwenzio aseme "haya". Ukisema "haya" upesi, unaulizwa maswali. Ndiyo maana karatasi thelathini zikala miaka minane.

Mwaka wa nane, siku ya tatu ya Hanuka, sikukuu yetu ya taa, Raya akaanguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakaenda yote, Kirusi na Kiebrania, halikubaki hata neno la kuombea maji. Zilikuwa zimebaki karatasi mbili na nusu.

Wakamhamishia nyumba ya wazee. Zohara akaenda Jumanne ya kwanza na kitabu mkobani, akavuta kiti, akasoma. Raya anatazama dirisha. Akamwambia, "Raya, ukinisikia nibane mkono." Hakubana. "Fumba jicho basi." Jicho likafumba, lakini jicho la mtu yeyote hufumba. Zohara akasoma mpaka chini, akangoja "haya", ikawa haiji, mwishowe akageuza mwenyewe. Alijisikia kama mwizi.

Borya, mtoto wa Raya, fundi wa viyoyozi, mtu mpole, alimkuta hivyo Jumanne moja. Akamtoa kwenye korido.

"Shangazi, nakushukuru, Mungu anaona. Lakini usijitese. Daktari amesema mama hayupo tena mle. Unausomea ukuta."

"Daktari amejuaje? Nani alipima?" Zohara akasema, akasikia maneno ya Raya yakitoka kinywani mwake mwenyewe, akalia palepale mbele ya toroli la chakula.

Maana hilo ndilo lililokuwa likimla. Kumaliza kitabu si kitu, mistari inasomeka. Alitaka jambo moja tu, kujua kama anamaliza na mwenzake au anamaliza peke yake. Akimaliza peke yake, basi miaka ile minane imekatika katikati, na yeye ndiye aliyegeuza kurasa za mwisho kama mtu anayefunga duka la marehemu. Aliendelea kwenda. Akasoma mpaka ikabaki mistari mitano, akaiacha, kwa sababu desturi ni kuacha kidogo cha kumalizia mbele za watu. Lakini watu gani, na kumaliza gani, hakujua.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, Hananya Wizgan akabisha hodi. Huyu ndiye mtunza sinagogi letu, mzee wa miaka sabini na tatu, mfupi, mdomo wake hauna breki. Rabi Makhluf alikuwa amefariki baada ya sikukuu ya vibanda, na Hananya amezunguka mji mzima kutafuta mtu mwenye kitabu cha kumaliza. Alikaa, akanywa chai yote, akazungumzia hali ya hewa.

"Sema, Hananya," Zohara akamwambia. "Kwenye simu hukuwa na haya hivi."

"Nasikia... nasikia una kitabu."

"Ninacho."

"Kimebaki kiasi gani?"

"Mistari mitano."

Hananya akashika kichwa. "Ee Mola! Vifungua mimba kumi na saba, wanaume wazima na ndevu zao, funga yao ifunguliwe na opereta wa simu!"

"Basi fungeni. Nani kawakataza?"

"Ala! Mimi nina sukari, dada, nitafungaje? Daktari ataniua kabla funga haijaniua." Akasogeza kikombe. "Nimemuuliza rabi kijana waliyetuletea, naye hana kitabu cha kumaliza. Kasema aliyesoma kasoma. Lakini pazia halitoki, nakwambia mapema. Na usivae lile gauni lako jekundu."

"Nitakuja na mwenzangu," Zohara akasema. "Bila yeye siji. Na tutakaa mezani, mbele."

"Yule Mrusi? Mgonjwa? Zohara, yule mama wa watu hajui hata..."

"Bila yeye siji, Hananya. Nenda kajizoeze njaa."

Akakubali. Angefanyaje?

Asubuhi ile ya kuamkia Pasaka watu wamekuja na haraka zao. Kila mmoja nyumbani ana mabaki ya mkate ya kuchoma, ana mke aliyemwekea masaa: Pasaka hatuli kitu chenye chachu, na mwisho wa kukila ni saa nne. Kumi na saba walikuwepo, na wengine wasiohusika wamefuata biskuti tu. Vijana wawili walinong'onezana kuona wanawake mezani, Hananya akawatupia jicho. Borya alimsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu, kavalishwa sweta ya buluu, nywele zimechanwa. Zohara kavaa gauni jekundu, makusudi. Aliweka kitabu mbele ya Raya, upande wa mkono wake mzima, wa kushoto, kama walivyokuwa wakikaa jikoni, na moyo wake ulikuwa mzito kama mtu aliyeandaa meza ya wawili akijua atakula mmoja.

Hananya akasimama kutoa neno fupi. Neno fupi la Hananya tunalijua. Alianzia kwa Musa, akapitia Rabi Makhluf, akafika kwenye bei ya kupaka rangi sinagogi. Wenye njaa wakaanza kukohoa.

Hapo ndipo Borya akasema kwa sauti ya chini, "Mama, acha. Mama!"

Raya alikuwa amefunua kitabu, si mwishoni kabisa, karatasi chache nyuma, na ukucha wake ulikuwa unakwangua ukingo wa karatasi. Krr, krr, krr. Borya akamshika vidole, akavirudisha pajani. Mkono ukarudi kitabuni. Krr, krr.

"Anachana kitabu kitakatifu!" Hananya akapayuka, Musa na rangi vyote vikamtoka. "Mchukueni!"

"Shangazi, samahani, hajui anachofanya," Borya akasema, uso umemwiva. "Nilikwambia tusimlete."

"Mwache," Zohara akasema.

"Lakini anachana..."

"Borya, mwache mama yako!"

Akainama. Ukucha ulikuwa ukikwangua mahali pamoja tu, haukwenda juu wala chini. Zohara akaishika karatasi ile kwa vidole viwili. Ilikuwa nene. Akatazama namba, maana vitabu vile kila karatasi ina namba moja tu, si kila ukurasa: ishirini na tano. Akaigeuza, akatazama inayofuata. Ishirini na saba. Akarudi, akahesabu tena, maana macho ya mzee si ya kuaminiwa. Ishirini na tano, ishirini na saba.

Jemu. Ilimjia yote mara moja: Jumanne moja kabla Raya hajaugua, kijiko cha cheri kimeanguka kitabuni walipofunua kurasa ambazo hawajazifikia, wao wawili wakipangusa kwa leso huku wakicheka, Raya akasema kitabu kimepata sukari, wakakifunga wakaenda kutazama mvua ya dakika tano iliyokuwa imeshuka nje. Karatasi mbili zilikuwa zimegandana, na kurasa mbili zimefichwa ndani. Hawakuwa wamezisoma.

Na unajua kichekesho kiko wapi? Wiki iliyofuata walisoma ukurasa wa mbele wa karatasi ile, habari ya ukame na walimu maskini wanaoomba mvua, wakageuza, wakakuta mabinti wa Yerusalemu wanacheza ngoma mashambani kwa nguo nyeupe za kuazima. Mtu mwingine angesema, hee, hapa kuna kitu kimeruka. Wao hawakusema! Vitabu vile huruka kutoka jambo mpaka jambo kila siku, na kazi ya msomaji ni kuona uhusiano. Basi wakauona. Wiki tatu walibishana uhusiano wa ukame na ngoma, mpaka Raya akagonga meza: mvua imekuja, zabibu zimejaa, wasichana wamefurahi, kuna gumu gani? Zohara akaiandika hoja hiyo pembeni kwa penseli, na bado ipo, imepigiwa mstari mara mbili. Walijiona wana akili kupita wote waliowatangulia.

Zohara aliinua uso. Watu kumi na saba wanamtazama, sinia la biskuti limefunikwa kitambaa mbele yao. Angeweza kufunga kitabu, akasoma mistari mitano, akataja watoto kumi, watu wakala. Nani angejua? Ilimpitia, hatuwezi kusema haikumpitia. Alimwona mpaka baba yake kule nyuma mlangoni, masikio yamewiva. Lakini wazo lenyewe halikupata pa kukaa, maana kifua chote kilikuwa kimejaa jambo jingine. Miezi minne alikuwa amebeba kitabu hiki, akakigeuza kila upande, akanusa kila mstari, na hakugundua. Aliyegundua ni huyu aliyeitwa ukuta. Huyu asiyekuwepo.

Akamgeukia. Raya alikuwa hatazami dirisha. Alikuwa anamtazama yeye, kwa lile jicho lake la kuuliza nani alipima.

"Hatujamaliza," Zohara akasema.

"Nini?" Hananya akauliza.

"Hatujamaliza!" Alikuwa analia na kucheka pamoja, gauni jekundu linamtetemeka mabegani. "Kuna kurasa mbili zimegandana, hatukuzisoma! Raya ndiye kaona! Borya, umesikia? Mama yako kaona! Hatujamaliza, jamani, hatujamaliza!"

Mguno ulitoka mle ndani, nasema kama mifugo iliyoambiwa kisima kimekauka. Mmoja akasema basi tumekwisha, tunafunga. Mwingine akasema hii ndiyo faida ya kuleta wanawake. Borya alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, kashika mkono wa mama yake.

Hananya akasogea, akavaa miwani, akakagua namba mwenyewe, maana hakumwamini mtu. Akainusa karatasi. "Cheri," akasema. Alisimama pale akitafuna mdomo. Tulingoja matusi.

"Saa ngapi?"

"Moja na nusu," mtu akajibu.

"Kurasa mbili," Hananya akasema. "Nyinyi mijitu mizima, kazi yenu kula jasho la Rabi Makhluf miaka nenda miaka rudi, kurasa mbili zitawaua? Vuteni viti. Wewe, washa birika la chai, mvuke utazibandua. Na atakayegusa biskuti kabla ya wakati namvunja mkono, wa kwanza mimi mwenyewe."

Mvuke ulizibandua taratibu, Zohara akishika upande mmoja na Hananya mwingine, kama watu wanaomvua mtoto fulana akiwa na homa. Zilitoka na madoa mekundu, lakini herufi zilisomeka zote. Watu wakabana viti kuizunguka meza, wa nyuma wamesimama, videvu juu ya mabega ya wenzao. Ukamsikia kila mtu anavyopumua.

Zohara akasoma. Na unajua walimu wa kale walikuwa wanabishana nini mle walimofichwa na jemu? Watu wamefunga kuomba mvua, mvua ikanyesha mchana funga ingali: waendelee kufunga au wale? Kicheko kililipuka pale mezani mpaka birika likatikisika. Mmoja anasema ikinyesha kabla ya jua kuchomoza, wale. Mwingine anasema kabla ya adhuhuri. Watu wetu wakaingia moja kwa moja. Wenye njaa sana wakamuunga mkono mwenye masharti mepesi, wagumu wakakataa, na yule aliyelalamikia wanawake akawa anampigia Zohara kelele, "Dada, rudia huo mstari, sijauelewa, rudia!" Walipofika kwenye kisa cha mji mmoja ambao mvua ilinyesha kabla ya adhuhuri na mwalimu wao akawaambia nendeni mkale, mkanywe, mfanye sikukuu, Hananya akanyoosha mkono kwenye sinia.

"Si kashasema?"

"Aliwaambia wa mji ule!" wakamzomea, na mkono ukarudi.

Wakabishana nusu saa nzima. Zohara alikuwa akisoma, anaeleza, anajibu, anakatiza, sauti ile ile iliyowatuliza watu miaka thelathini na mitatu, na kila akimaliza mstari alimtazama Raya kwanza. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya ukurasa, kidole kinakwenda chini ya maneno, polepole, kinasimama, kinakwenda.

Wakafika mwisho wa ukurasa wa kwanza uliokuwa umefichwa. Ukabaki mmoja, na ile mistari mitano. Saa mbili na robo. Watu wakasubiri ageuze. Zohara hakugeuza.

"Dada," Hananya akasema kwa upole ambao hatukuwahi kuusikia kwake, "wakati, dada. Geuza."

"Subiri," Zohara akasema. "Mwenzangu bado anasoma."